Saa Saba, Saa Nane, Saa Tisa

Kuna nambari tatu niliziandika usiku mmoja Mombasa ambazo sikuzisoma popote. 6.43, 6.45, 6.47. Hizo ni milimita. Tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho haifiki unene wa unywele mmoja. Jengo lenyewe limesimama mpaka leo, watu wanaanika nguo kwenye roshani, na hakuna aliyeumia. Ukisema hapo hakuna kesi, nitakuelewa. Mimi mwenyewe nilisema hivyo kwa miaka.

Nilikuwa mwaka wa nne chuoni, niko atachimenti kwenye mjengo wa ghorofa 14 ng'ambo ya kisiwa, karibu na mkono wa bahari. Jina la kampuni halina kazi hapa. Ardhi ya pale juu ni mchanga na tope, jiwe la maana liko chini, kwa hivyo jengo halikai juu ya ardhi kama nyumba ya kawaida. Linasimama juu ya nguzo za zege zilizozamishwa ardhini, ambazo mjengoni kila mtu anaziita paili. Zetu zilikuwa 140, kila moja na upana wa milimita 600 na urefu wa mita 18 hivi. Unatoboa shimo, unateremsha vyuma, unamwaga zege, basi. Kuanzia siku hiyo hakuna binadamu atakayeiona tena, isipokuwa kichwa chake.

Sasa, utajuaje kwamba kitu usichokiona kitabeba kile unachotaka kibebe?

Watu wamelijibu swali hili kwa njia nyingi, na kila njia ina tabia yake. Ya zamani ni kusikiliza nyundo. Paili ya kupigwa ikiingia ardhini kwa shida, basi udongo unaikataa, na udongo unaoikataa leo utaibeba kesho. Mwaka 1888 gazeti moja la mainjinia Marekani lilichapisha kanuni ya hesabu hiyo, rahisi sana: uzito wa nyundo, kimo cha kuanguka, na paili ilizama kiasi gani kwa pigo moja. Kisha jibu unaligawanya kwa sita. Sita! Yaani mwenye kanuni anakuambia hadharani kwamba hajui vizuri, kwa hivyo chukua sehemu moja, tano ziache. Napenda ukweli wa aina hiyo.

Miaka ya 1960, watafiti wa Cleveland walianza kufunga vihisio kwenye kichwa cha paili wakati nyundo inaigonga, wasome wimbi linavyoshuka hadi chini na kurudi. Njia hiyo ni ya haraka. Uzito unaoangushwa unaweza kuwa asilimia 1 au 2 tu ya mzigo unaotaka kuuthibitisha. Miaka ya 1980 Jorj Osterberg, profesa wa Chuo Kikuu cha Northwestern, alileta wazo ambalo bado linanifurahisha: weka jeki ndani ya paili yenyewe, chini kule, kabla ya kumwaga zege. Ukiipampu, sehemu ya juu inasukumwa kwenda juu na ya chini inasukumwa kwenda chini. Paili inajipima yenyewe kwa nusu zake mbili, hakuna haja ya mlima wa mawe juu yake.

Sisi tulikuwa na mlima wa mawe.

Njia yetu ndiyo ya polepole kuliko zote, na ndiyo ambayo nyingine zote hulinganishwa nayo. Unajenga jukwaa la vyuma juu ya paili moja na kulipakia vitalu vya zege. Vyetu vilikuwa zaidi ya 110, kila kimoja karibu tani mbili na nusu. Katikati ya kichwa cha paili na jukwaa unaweka jeki. Ukipampu, jeki inataka kuinua mlima, mlima unakataa, kwa hivyo paili ndiyo inayosukumwa chini. Pembeni kuna geji nne zilizoshikwa na boriti iliyosimama peke yake, mbali na mzigo, zinazoonyesha paili imetitia kiasi gani. Unaongeza mzigo kwa ngazi. Kila ngazi unasubiri. Unasoma. Unaandika. Unasubiri tena.

Kabla sijafika pale, paili moja ilikuwa imeshapakiwa mpaka ikashindwa. Hiyo haikuwa sehemu ya jengo. Ilitengenezwa makusudi ili ife, ili zile nyingine zijulikane, halafu ikakatwa kichwa na kufukiwa. Niliyoikuta mimi ilikuwa ya jengo, na paili ya jengo hupimwa kwa adabu. Kazi yake ya maisha ilikuwa kubeba tani 150. Tuliipa 225, mara moja na nusu, halafu tukaikalisha hapo saa 24. Hatukuiuliza mwisho wake ni wapi. Tulitaka tu ituonyeshe kwamba mwisho huo uko mbali kidogo kuliko tutakapoipeleka. Mimi ni kifungua mimba kwenye nyumba ya watoto watano na nakiri nilijisikia ukaribu fulani na ile paili. Siku moja unaonekana umebeba 225 bila kulia, basi maisha yako yote unapewa 150, na hakuna anayerudi kuuliza.

Kitu kingine kilichonishangaza ni kwamba paili haifi kama vitu vingine. Haipasuki kwa kishindo. Inazama kidogo, halafu kidogo zaidi, na lazima mtu aamue ni wapi kidogo kimegeuka kushindwa. Wengi husema ni pale inapozama kiasi cha asilimia 10 ya upana wake. Kwa zetu hiyo ni milimita 60. Mmarekani anayeitwa Davisson alipendekeza mwaka 1972 mstari mkali zaidi: toa kiasi ambacho zege yenyewe hujibana ikibebeshwa, ongeza milimita chache tu, ukipita hapo umeshindwa. Chukua mchoro uleule, wape mainjinia wawili. Mmoja anaweza kukupa tani 300 na mwingine 340, na hakuna aliyedanganya. Nilipojifunza hilo nilihisi nimepewa ruhusa ya kitu fulani. Kama hata kushindwa ni makubaliano ya watu, kwani nambari tatu ni nini?

Turudi usiku ule.

Mzigo wa mwisho ulifika saa kumi na mbili jioni. Mwenzangu wa zamu hakuja. Fundi wa pampu alinionyesha jinsi ya kuongeza presha ikishuka, akaenda zake. Jambo hili la presha ni muhimu: jeki haishikilii mzigo kwa uaminifu. Mafuta huvuja polepole, paili ikitishia kuzama jeki inalegea, na usipokuwepo kuipampu, tani 225 zinakuwa 222, zinakuwa 218. Kwa hivyo anayesoma geji pia ndiye anayeuweka mzigo pale. Akilala, mzigo nao unalala.

Saa sita usiku nilisoma wastani wa 6.41. Nikaketi kwenye gunia, nikaegemea ukuta wa mabati. Nilikuwa nimeamka alfajiri ya jana yake. Kilichofuata nakijua kwa matokeo tu: niliamshwa na baridi, na simu ikasema ni saa kumi kasoro dakika nne. Sindano ya presha ilikuwa imeshuka. Si sana. Nikapampu mpaka ikarudi mahali pake, nikasubiri kidogo, nikasoma. 6.48.

Karatasi ilikuwa na mistari mitatu mitupu. Saa saba, saa nane, saa tisa.

Nilizijaza kwa sekunde kumi. Na si kwa kubahatisha ovyo. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Kutoka 6.41 hadi 6.48, ukigawanya vizuri, katikati zinakaa 6.43, 6.45 na 6.47. Kwenye safu ya presha nikaandika ileile mara tatu. Mzee aliyelinda lango, mtu wa Mombasa kindakindaki, alikuwa amekuja na chai ya tangawizi. Akasimama pale akinitazama.

"Walala, mwanangu?" akauliza.

"La, mzee. Nilifumba macho tu."

"Haya," akasema, akanipa kikombe. Hakuongeza neno. Wazee wa pwani wana namna ya kusema "haya" ambayo ni afadhali wakutukane.

Asubuhi Injinia alikuja. Ni mama mmoja mkali, mfupi, anayesoma karatasi akiwa amesimama. Alizitazama zangu muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akasema mzigo usitolewe saa kumi na mbili jioni kama ilivyopangwa, ukae saa 6 zaidi, na yeye mwenyewe atakuwepo. Tulilalamika chini kwa chini. Paili ikapita. Mjengo ukaendelea, mimi nikarudi Nairobi na ripoti yenye gamba la plastiki, nikapata A.

Utetezi wangu kwa miaka yote ulikuwa na nguvu, na nitauweka hapa bila kuudhoofisha. Kwanza, nambari zile pengine zilikuwa za kweli, au karibu sana na kweli. Paili iliyokuwa 6.41 saa sita na 6.48 saa kumi ilipita mahali fulani katikati. Pili, hata kama nilikosea kwa sehemu ya kumi ya milimita, matokeo hayabadiliki. Kikomo kilikuwa mbali. Tatu, kuna akiba. Mainjinia hawajengi kwenye ukingo. Kati ya kile ambacho paili inaweza na kile inachoombwa kuna nafasi kubwa imeachwa makusudi, na kosa langu lilikuwa punje ndani ya nafasi hiyo.

Hoja ya kwanza ilianza kunisumbua nilipogundua kwamba si kweli hata kidogo. Niliandika kwamba chini ya tani 225 paili ilikuwa 6.45 saa nane. Saa nane hakukuwa na tani 225. Nilikuwa nimelala, na mafuta yalikuwa yanavuja. Huenda paili ilirudi juu kidogo, mzigo ulipopungua. Kwa hivyo sikukisia tu kipimo ambacho sikukiona. Nilieleza tukio ambalo halikutokea. Lakini hebu tuseme jeki ingekuwa nzuri, mzigo ungekaa, na nambari zangu zingelingana kabisa na geji. Je, ningekuwa nimesema ukweli? Naona nisingekuwa nimesema uongo kuhusu paili. Ningekuwa nimesema uongo kuhusu mimi. Kila mstari kwenye ile karatasi una sentensi mbili ndani yake: paili iko hapa, na kulikuwa na mtu akitazama. Ya kwanza inaweza kupatia kwa bahati. Ya pili haiwezi.

Na ya pili ndiyo pekee wanayoweza kuishika wale wenye roshani. Fikiria. Kati ya paili 140, zilizowekewa mlima ni 2. Nyingine 138 ziligongwa kwa kinyundo kidogo tu cha mkononi ili kusikiliza mwangwi, na mwangwi hukuambia kama zege imekatika au imebonyea, haukuambii itabeba tani ngapi. Hizo 138 zinaaminika kwa sababu zilichimbwa na watu walewale, kwa mashine ileile, kwenye ardhi inayofanana, na kwa sababu zile 2 zilipimwa. Ushahidi wote wa jengo zima umepitia kwenye tundu dogo, na usiku ule aliyekaa kwenye hilo tundu nilikuwa mimi, nachapa usingizi.

Hoja ya akiba ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi kuvunjika, maana ni ya kweli. Akiba ipo. Lakini ni ya nani? Ukiwa kwenye chama unajua jibu. Mnachanga mfuko wa dharura, kwa ajili ya msiba, kwa ajili ya mtoto kulazwa. Mweka hazina akichota shilingi mia mbili za nauli, hakuna atakayejua, mfuko una elfu sitini. Hata mwaka ukiisha bila dharura, hakuna hasara. Je, hakuiba? Nafasi iliyoachwa kwenye paili iliachwa kwa ajili ya mambo ambayo hakuna mtu angeweza kuyajua: uvungu ndani ya matumbawe, mchanga uliolegea mahali ambapo hakuna aliyetoboa, mvua ya mwaka fulani. Ni ya ujinga usio na lawama. Mimi niliitumia kwa usingizi.

Halafu kuna wengine. Hili ndilo linalonitia baridi. Nilichota nikidhani niko peke yangu. Lakini aliyeleta kokoto chafu naye alijua kuna akiba. Aliyepunguza mfuko mmoja wa simiti alijua. Aliyeacha kusafisha tope chini ya shimo kabla ya kumwaga zege alijua. Kila mmoja anachota kidogo, kwa dhamiri safi, akiwategemea wengine wote wasichote.

Hong Kong walishaona mwisho wa hesabu hiyo. Karibu na mwaka 1999, mtaa wa Sha Tin, minara miwili ya nyumba za mpango wa serikali ilikuwa imeshapanda zaidi ya ghorofa 30 ilipogundulika kwamba paili nyingi chini yake ni fupi kuliko zilivyotakiwa kuwa, kwa mita kadhaa. Kwenye karatasi zilikuwa ndefu. Minara yote miwili ikabomolewa kabla ya familia hata moja kuhamia, na mwenyekiti wa mamlaka ya nyumba akajiuzulu mwaka 2000. Ukweli ni kwamba Hong Kong walikuwa na bahati: walipima tena. Huruma, hapa kwetu, tarehe 29 Aprili 2016, jengo lililokuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa lilianguka na watu wake ndani, wapatao 50 wakafa. Pale suala halikuwa nambari ya uongo. Onyo lilikuwepo, na kodi ikaendelea kukusanywa.

Sitaki ujilinganishe na Huruma kwa sababu ya milimita 0.04, bana, na mimi sijilinganishi. Nasema tu kwamba sijui mahali pa kuchora mstari, kama vile Davisson na wenzake hawakukubaliana mahali pa kuchora wao. Mtu haanzi kwa kupakia ghorofa saba kwenye ukingo wa mto. Anaanza kwa kitu kidogo ambacho kilipita.

Mwaka jana nilikuwa Mombasa kwa harusi. Nilishuka tuktuk mbele ya lile jengo, nikasimama ng'ambo ya barabara kama mtu anayemngoja mwenzake. Ghorofa ya tatu kulikuwa na mtoto akitupa maji kwa kikombe chini, mama yake akimfokea kutoka ndani. Nilihesabu roshani mpaka juu. Jioni ile, nikiwa bado na hina ya wageni mkononi, nikamwandikia Injinia. Nambari yake nilikuwa nayo bado. Nikamwambia yote: gunia, mabati, saa kumi kasoro dakika nne.

Alijibu kesho yake, kwa sauti, ujumbe wa dakika nzima. Alisema alijua asubuhi ileile. Usiku hewa ikipoa, boriti inayoshika geji nayo inajikunja kidogo, na nambari za kweli hucheza. Zinapanda, zinarudi, zinapanda. Za mtu aliye macho zina uchafu. Zangu tatu zilikuwa zimepanga foleni kama watoto wa shule, na presha haikuyumba hata tone. Ndiyo sababu aliongeza saa 6 na akakaa mwenyewe. "Jengo lililipwa deni lako," alisema. "Lala salama."

Nilisikiliza ule ujumbe mara nne. Nilifarijika, kisha nikakasirika. Nikamwandikia: Kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii?

Alama mbili za bluu. Kisha: "Nilikungoja wewe uniambie. Siku ile nilikaa pale saa 6, wewe uko mita mbili kutoka kwangu."

Sijui kama alifanya sawa. Mwanafunzi mwingine angeenda na funzo kwamba inawezekana, na kwa muda mrefu mwanafunzi huyo nilikuwa mimi. Angenifokea mbele ya watu ningeumia wiki moja tu. Lakini pia sijui kama kufokewa kungenifanya niandike haya, au kungenifundisha tu kuzichafua nambari zangu vizuri zaidi.

Nilimuuliza swali la mwisho: ile karatasi aliirekebisha? Akasema hapana. Aliambatisha za kwake nyuma, na za kwangu akaziacha vilevile, kwa sababu hakuwa na haki ya kubadilisha kipimo ambacho hakukichukua. Ziko kwenye faili mahali fulani. Saa saba, saa nane, saa tisa, na sahihi yangu pembeni, ile ya zamani, yenye mkia mrefu.